Benchi Mbele ya Mlango wa Choo

Mwezi uliopita nilirudisha koti jeupe na ufunguo wa chumba cha picha, mkanikatia keki, na daktari mkuu akasimama akasema mimi nimekuwa nguzo ya hospitali hii. Nguzo! Nguzo gani inayoumwa na mgongo? Halafu nyinyi vijana wa idara mkanizingira, mkitaka niwaandikie kidogo kuhusu kazi, eti nisiondoke na siri. Siri sina. Nina visa, na vingi ni vya mkojo. Kama unakula, malizia kwanza.

Nilizaliwa hapa mtaani Mbotela, nikaolewa Bungoma, kisha mume wangu akapata kazi ya ofisi mjini na tukarudi Mbotela, nyumba ya tatu kutoka kwa mama yangu. Kazi niliipata karibu na nyumbani, katika hiki kihospitali chetu cha kanisa. Nilikuwa nimesomea eksirei. Mashine ya ultrasaundi ilipoletwa, kubwa kama friji na yenye kelele kuliko friji, wenzangu waliikimbia. Mimi nilikuwa mgeni, sikujua pa kukimbilia, nikaachiwa.

Aliyenifunza ni Bwana Mutiso, mtu mwembamba, mpole, mwenye tai kila siku ya Mungu hata kama kuna joto la kuyeyusha lami. Siku yangu ya kwanza nilikuja na kalamu mbili, tayari kuandika mambo makubwa ya mawimbi ya sauti. Akanipa chupa ya jeli. "Shika," akasema. "Ni baridi ama si baridi?" Nikasema ni baridi. "Basi ukimpaka mtu hii tumboni ataruka, atakaza misuli, na hutaona kitu. Kazi yetu inaanza na kupasha jeli moto." Alikuwa anaiweka ile chupa ndani ya sufuria ya maji moto aliyoiazima jikoni, na kila ilipokaribia saa ya chakula cha mchana mpishi alikuja kuidai kwa hasira. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu ya asubuhi ya kwanza: jeli, sufuria, na kumkwepa mpishi.

Watu hudhani ultrasaundi ni ya kina mama wajawazito peke yao. Kila mzee aliyelala kwenye kile kitanda aliniuliza kama ninatafuta mtoto. Nilikuwa nawajibu kwamba nikimpata nitawajulisha mapema wanunue nepi. Wanacheka, tumbo linalegea, na mimi napata picha yangu. Msidharau mzaha. Tumbo lililokaza halionyeshi kitu.

Wazee walikuja kwa sababu ya tezi dume, ile wengi huiita prosteti. Mwanamume akizeeka, tezi hii huweza kukua na kuibana njia ya mkojo. Mkojo unatoka kwa kudondoka, unasimama, unaanza tena, na usiku mtu anaamka kila mara kama mlinzi. Kabla daktari wa upasuaji hajashika kisu, anataka kujua hali ya bomba zima kutoka juu mpaka chini. Figo zimevimba kwa kurudishiwa mkojo? Ukuta wa kibofu umekuwa mnene kwa kusukuma? Kuna mawe? Tezi yenyewe imefika ukubwa gani? Na mwisho, swali ambalo ndilo kubwa kuliko yote: mtu akishakojoa, kibofuni kunabaki kiasi gani? Kwa hiyo tunampima mara mbili, kwanza akiwa amejaa, halafu akitoka chooni. Kikibaki kidogo, kibofu bado kina nguvu. Kikibaki kingi, kuna taabu.

Ili tuone vizuri, sharti aje amejaa. Tunawaambia wanywe maji. Rahisi, sivyo? Kulikuwa na mchinjaji mmoja wa Kiamaiko, mtu wa mabega mapana, aliyekuja amekunywa supu ya mbuzi jagi zima, kwa sababu, alisema, maji matupu yanaumiza tumbo. Nilipoielekeza skrini upande wake akaona figo yake mwenyewe, akainua kichwa kutoka kwenye mto, akaikagua kwa jicho la kazi. "Hii ni ya mnyama aliyelishwa vizuri," akasema. "Hebu nionyeshe ile ingine." Nikamwonyesha. "Hiyo pia haina shida. Figo ndiyo kazi yangu." Na kweli hazikuwa na shida. Kwa figo sijawahi kupata mgonjwa aliyeelewa haraka hivyo.

Lakini taabu ya kazi hii, wanangu, si mashine. Taabu ni neno. Utamwambiaje mzee aliye umri wa baba yako, aliyevaa suti ya kanisani kwa heshima ya hospitali, kwamba sasa aende akakojoe halafu arudi uangalie kama amekojoa vizuri? Bwana Mutiso, na adabu zake zote, neno hilo halikuweza kumtoka mdomoni. Alikuwa anasema, "Mzee, nenda kapunguze maji kidogo." Siku moja mzee mmoja akatoka nje na chupa yake ya maji ya kunywa, akamwaga nusu kwenye maua, akarudi akatuonyesha chupa. Amepunguza.

Mutiso akabadilisha. Akaanza kusema Kiswahili cha vitabuni: "Tafadhali nenda msalani." Wee! Hospitali ya kanisa, na kanisa lenyewe liko hapo ubavuni. Mzee wa kwanza kuambiwa hivyo alikawia sana. Tukamtafuta choo, hayupo. Tukamtafuta geti, hayupo. Akaja mwenyewe, uso umetulia kabisa. "Nimesali, daktari," akasema. "Hata nyinyi nimewaombea. Sasa tuendelee." Kibofu kilikuwa kimejaa pomoni. Mutiso akavua miwani akaifuta muda mrefu sana ili asicheke, na mimi ikanibidi nitoke nje.

Na wewe Shiru, usidhani nimesahau. Juzijuzi tu, ukiwa mwanafunzi wetu, ulimwambia mzee wa kanisa, mwenye wajukuu, "Guka, enda ususu alafu ukam." Ususu, neno la kuambia mtoto mchanga! Yule mzee akakaa kitako kitandani akakuuliza, "Mimi ni mtoto wa nani hapa?" Mtu mzima hatumwi kususu. Baada ya miaka yote hiyo mimi niliamua kusema neno lenyewe, wazi lakini kwa upole: "Baba, nenda ukakojoe wote, usiharakishe, nitakungoja." Wanashtuka kidogo, halafu wanaenda. Wengi wanaenda.

Sasa nije kwa jambo ambalo mmeniuliza mara nyingi: kwa nini benchi ya wanaongoja imefungwa kwa skrubu kule mwisho wa ukumbi, na kwa nini nilikuwa nawaka moto mtu akitaja kuisogeza. Zamani benchi hiyo ilikuwa mbele ya mlango wa choo. Na si karibu na mlango, nasema mbele yake. Mtu akikaa, magoti yake yanaugusa. Mlango wenyewe ni wa mbao nyembamba, haufiki chini, na kila kinachofanyika ndani kinasikika kama tangazo.

Mgonjwa alikuwa Mzee Wanyama wa Kaloleni, fundi mstaafu wa reli, mrefu, mkimya, kofia haimtoki ila mbele ya Mungu na daktari. Alikuwa ameletwa na mke wa mwanawe, Mama Faith, ambaye ana kibanda cha mboga huku kwetu Mbotela. Mwanawe mwenyewe alikuwa na zamu kiwandani na hakupewa ruhusa, basi Mama Faith akafunga kibanda akamleta baba mkwe wake. Niliwaona wakiingia: mzee mbele, yeye nyuma mbali kidogo, macho chini, mkoba wa mzee mkononi.

Daktari Njoroge, mpasuaji wetu, alikuja mwenyewe chumbani kwangu kabla sijaanza. Si kawaida yake. Akafunga mlango. "Mama, huyu mzee ana moyo mbaya," akasema. "Daktari wa dawa za usingizi ananiambia huenda nikimlaza asiamke. Lakini kliniki aliyotoka walipima, wakasema akikojoa, mkojo haubaki kidogo, unabaki wote. Kama ni kweli, figo zitakufa, na lazima nimkate licha ya huo moyo. Kama si kweli, simgusi, nampa dawa. Nataka unipimie upya, kwa sababu mimi nitaamua kwa hiyo nambari yako."

Nikasema sawa, nikaitoa chupa ya jeli kwenye maji moto.

Nikampima akiwa amejaa. Tezi ilikuwa kubwa, hilo sikatai. Ukuta wa kibofu ulikuwa umenenepa kidogo. Lakini figo zote mbili zilikuwa zimetulia, hazina uvimbe, na hapo nikaanza kujiuliza. Mkojo ukikwama muda wote huo, figo huwa zinalalamika. Nikapangusa jeli, nikamwambia yale maneno yangu: aende akakojoe wote, asiharakishe, nitamngoja.

Alirudi upesi. Akalala. Nikaweka kifaa tumboni na kibofu kikatokea kimejaa vilevile. Nikapima, nikapima tena. Kilikuwa kimeongezeka kidogo!

"Baba, umekojoa?"

"Nimemaliza," akasema, macho kwenye dari.

"Umemaliza nini?"

"Nimemaliza kwenda."

Nikamtazama. Mzee ambaye mkojo umemkataa anarudi na jasho, anarudi amekasirika, anakusimulia hata kama hujamuuliza. Huyu alikuwa mkavu, viatu vina vumbi la nje, na miguu ameibana kama mtoto wa shule ambaye mwalimu amemnyima ruhusa. Nikamwambia apumzike kidogo, nikatoka.

Na hapo nje, kwenye benchi, magoti kwenye mlango wa choo, alikuwa amekaa Mama Faith.

Mungu wangu. Mimi nimeolewa Bungoma. Ninajua mke wa mwana na baba wa mume wanavyoheshimiana kule. Hawashikani mikono. Mimi mwenyewe baba mkwe wangu akipita kwa mlango mmoja nilikuwa natokea mwingine, na kama mlango ni mmoja, nangoja. Sasa mzee huyu apite mbele ya magoti ya mke wa mwanawe, afungue mlango ule, halafu asimame ndani akivuta mkojo wa kudondoka, tone moja moja, huku yeye anasikia kila tone? Afadhali kisu.

Nikakaa kando yake. "Mama Faith, Baba ameingia hapa choo?"

"Daktari, mimi nilikuwa nimeangalia chini."

"Najua. Na huko chini umeona viatu vyake?"

Akakunja ncha ya leso yake, akaikunjua. "Viatu vya Baba vilikuja mpaka hapo," akasema polepole, "vikasimama, vikageuka vikaenda geti. Vikakaa na viatu vya soja anayelinda pale. Halafu vikarudi kwako."

"Na ile kliniki nyingine?"

"Hata huko kulikuwa na benchi. Nurse aliniambia nisitoke hapo, mzee asije akaanguka."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

Hapo akageuka akanitazama, na macho yalikuwa yamejaa. "Nimwambie nani, daktari? Nimwambie Baba? Ama nimwambie bwanangu kwamba mimi huangalia babake akienda choo? Nimekaa na hii kitu tangu siku hiyo. Sijalala. Wanasema wanampasua na ule moyo wake, na mimi najua hajawahi kuingia. Akifa nitasema nini? Nitasema nilikuwa naona haya?"

Nilimshika mkono. Yule mwanamke alikuwa amebeba uhai wa mtu mdomoni mwake na hakuwa na neno la kuutolea.

"Sikiza," nikamwambia. "Hujaniambia kitu. Umeniambia habari za viatu. Sasa toka, vuka barabara, uninunulie ndizi. Na usirudi haraka."

Akaenda karibu kwa kukimbia. Nikamwomba soja arudi kwa kibanda chake, nikamwomba mwanamke wa usafi aende akasafishe mahali pengine, popote pale. Kisha nikarudi kwa mzee, nikasimama nikipanga taulo ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Baba, Mama Faith nimemtuma ndizi."

Bila kugeuza kichwa, akauliza: "Umemtuma mbali?"

"Ng'ambo ya Jogoo Road."

"Ameshavuka?"

Nikachungulia dirishani kama mtu anayeangalia mvua. "Ameshavuka, Baba. Hata leso yake siioni tena."

Mzee Wanyama akashuka kitandani. Aliupita mlango wangu kwa mwendo ambao sikudhani magoti yake bado yanao, na nikasikia mlango wa choo ukifungwa. Basi nikasimama pale nikisikiliza, na sioni haya kusema kwamba niliomba. Mwanzo hakukuwa na kitu. Akakohoa. Akaanza kuguna wimbo wa kanisani, chinichini. Kisha ukaanza, ukasimama, ukaanza tena, ukashika njia. Ulikwenda, ukapumzika, ukaendelea. Yule wa usafi, ambaye hakuwa ameenda popote, alikuwa ameegemea mopu kwenye kona huku amejiziba mdomo, na mabega yanamtikisika.

Aliporudi alikuwa na jasho usoni na mikono inadondoka maji. Akalala bila kuambiwa. Nikaweka kifaa. Nikakisogeza huku, nikakisogeza kule, nikitafuta kile kibofu kilichokuwa kimejaza skrini nzima. Kilikuwa kimejikunja pale chini, kidogo, na ndani yake maji ya kutosha kikombe kidogo cha kahawa tu. Nilifurahi mpaka skrini ikaanza kuchezacheza, maana machozi yalikuwa yananitoka.

"Ni mbaya?" akauliza.

"Baba, ni nzuri! Kibofu chako kinafanya kazi. Kilikuwa kinangoja nafasi tu."

Nikamwita Daktari Njoroge. Akaangalia picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaniuliza hii ya pili na ya tatu zimepishanaje hivi, mtu ni mmoja. Nikamwambia tofauti ni benchi. Yeye pia ana mama mkwe, hakuhitaji maelezo mengi. Akaketi kwenye kiti changu, akamweleza mzee vizuri: tezi ni kubwa, ndiyo, lakini mkojo unapita na figo ni salama. Atapewa dawa za kulegeza njia, atarudi tumwangalie, na kisu hakuna. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akaivua, akasema asante. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kuhamisha ile benchi. Nilienda mwenyewe kumwita seremala.

Tulipotokea ukumbini Mama Faith alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama kule mbali, karibu na dirisha la dawa, ndizi zangu mkononi, macho yameinama. Kati yao kulikuwa na watu wa foleni, na foleni ya asubuhi ile mnaijua. Hakuweza kuuliza. Nilimwona akijaribu kusoma majibu kwenye sakafu.

Mzee akasimama. "Daktari," akaniambia, "mwambie."

Nikafungua mdomo, lakini akainua mkono akanizuia. Akameza mate. Nilimwona akimtazama yule mama aliyefunga kibanda chake kwa ajili yake, na sura yake ikabadilika.

"Mama Faith," akaita.

"Baba."

"Nimekojoa."

Foleni nzima ikageuka. Mtu mmoja akaacha kukohoa katikati.

"Wote," akaongeza mzee, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi kwenye kelele za karakana. "Daktari amesema ni sawa. Hawanipasui."

Mama Faith akaketi sakafuni palepale, ndizi mapajani, akalia kwa sauti. Mzee Wanyama akaenda mpaka alipokuwa, akasimama mbele yake, hakumgusa.

"Basi, mama, basi," akamwambia. "Nyamaza. Hawa watu watafikiri nimekufa."